Jumamosi Ambayo Kessler Hakukaa Golini

Mystobe, 12 Februari 2018

Kwa Mzee Waldemar Kessler,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Anwani yako nimepewa na bibi mmoja wa kanisa la Kilutheri la hapa kwetu, ambaye kila Krismasi hupokea kadi kutoka kwa mkeo. Alinipa kwa sharti kwamba nisikusumbue, kwa hiyo nitajitahidi kuwa mfupi.

Naitwa Nazigul Serikova. Nafundisha historia katika sekondari moja hapa mjini. Mwaka huu klabu ya Kenshi inatimiza miaka sitini, na uongozi umeniomba niandike kitabu chake. Nimekuwa nikishinda kwenye chumba cha nyuma cha klabu, katikati ya makabrasha yaliyoloa na kukauka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa hesabu yangu uliidakia Kenshi mechi mia nne na kumi na mbili. Hakuna aliyekufikia. Lakini kwenye ukuta wa picha za wachezaji wa zamani, wewe haupo. Palipokuwa na picha yako pamebaki msumari.

Nitasema wazi yanayosemwa, maana bila shaka unayajua. Inasemwa kwamba tarehe 22 Oktoba 1994, siku ya mechi ya mwisho, mechi ambayo hata sare ingetubakiza ligi kuu, timu ilikusubiri mpaka refa akapuliza kipenga. Inasemwa kwamba asubuhi ile ulikuwa umeshapanda ndege kwenda Ujerumani bila kumuaga mtu. Kipa wa akiba alikuwa amehamia Urusi tangu kiangazi. Nahodha Kairolla Abishev akavaa glavu mwenyewe, na goti lake bovu. Tukafungwa tatu kwa mbili, tukashuka daraja, na miaka miwili baadaye klabu ikavunjwa. Mpaka leo fundi asipotokea kazini, watu wa hapa husema, "Huyo kafanya Kessler." Wanaosema hivyo wengine hawajui kama Kessler ni mtu.

Mimi siandiki kitabu cha kumtukana mtu. Wengine wote nimewahoji. Kwako naomba maneno yako mwenyewe, mengi au machache, nami nitayachapa kama yalivyo.

Wako kwa heshima,
Nazigul Serikova

*

Detmold, 9 Machi 2018

Mwalimu Nazigul,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Kwa hiyo jina langu limeingia kwenye lugha. Si haba kwa mtoto wa mchomelea vyuma.

Umeomba historia, basi anza na huyo mchomelea vyuma, kwa sababu sidhani kama yumo kwenye makabrasha yako. Baba yangu, Johann Kessler, alishushwa Mystobe mwaka 1941 kutoka kwenye behewa la mifugo, pamoja na Wajerumani wengine wa Volga waliofukuzwa makwao Urusi wakati wa vita na kuletwa kwa Wakazakhi. Alikuwa na miaka kumi na minne. Majira ya baridi ya kwanza walilala katika nyumba ya familia moja ya Kikazakhi, upande wa pili wa pazia la ngozi, pamoja na wana-kondoo. Alikuwa akisema kwamba wana-kondoo ndio waliomwokoa, maana walikuwa na joto kuliko jiko.

Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha shaba walipotaka uwanja, walipewa kipande cha ardhi kilichojaa makapi ya tanuru. Nyasi haikuwa ikiota hapo. Kila mfanyakazi akaambiwa alete ndoo ya udongo kutoka mtoni kila akija zamu. Walileta kwa miaka miwili. Magoli aliyachomelea baba yangu kwa mabomba yaliyokataliwa na kiwanda, na alipima moja vibaya: lilikuwa pana kuliko jingine kwa shubiri nzima. Watu wa kwetu walijua, wageni hawakujua. Kwa miaka kumi na mmoja nahodha wetu akishinda kura ya shilingi alichagua upande kwa akili, mpaka refa mmoja akaja na futi ya kupimia. Hilo liandike. Walioumia wameshakufa.

Kuhusu Oktoba 1994, andika kwamba niliondoka. Ni kweli, niliondoka. Zaidi ya hapo sina la kusema, na tafadhali usiniulize tena.

Mimi nami niulize kitu. Kairolla yu hai? Goti lake je? Tulicheza pamoja miaka kumi na mitano, yeye mbele yangu kwenye beki, na kisogo chake nakijua kuliko uso wa kaka yangu. Alikuwa na binti mdogo aliyekaa nyuma ya goli langu, amefungwa ndani ya koti la mama yake. Kipindi cha pili, akiniita kwa jina nililoitwa na wote huko, alikuwa akiniambia, "Ami Volodya, ukiupata upige mbali sana, nataka kupumzika." Sijawahi kupata kocha bora kuliko huyo. Sasa atakuwa mtu mzima. Kama unamfahamu, msalimie, ila usimwambie salamu zimetoka kwa nani.

Waldemar Kessler

*

Mystobe, 2 Aprili 2018

Ami Volodya,

Naomba radhi. Serikova ni jina la mume wangu. Kabla ya hapo nilikuwa Abisheva. Salamu zimefika.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa kwamba ukijua mimi ni binti wa Kairolla hutanijibu, au utanijibu kwa adabu tu. Nilifanya vibaya. Lakini ukurasa ule wa koti la mama niliusoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya posta, na ilibidi nitoke nje.

Baba yu hai. Goti halikunji tena, anatembea kama bikari. Nilipomwambia nimepata barua kutoka kwako, alikuwa anakula. Aliweka kijiko, akasema tairi la gari limepungua upepo, akatoka. Gari tulishaliuza mwaka juzi. Mama alinitazama tu, akaendelea kumimina chai.

Umeniambia nisiulize tena, na ningetii kama si jambo moja. Wiki iliyopita, chini ya sanduku la jezi kuukuu, nilipata daftari la mazoezi la mwaka 1994. Kila siku nahodha aliandika nani amekuja na nani hajaja. Mwandiko wa Baba naujua vizuri. Jumatano, tarehe 19 Oktoba, ameandika: "Kessler ameondoka. Jumamosi golini nakaa mimi." Jumatano, Ami. Siku tatu kabla ya mechi. Kama uliondoka kimyakimya asubuhi ya Jumamosi, Baba alijuaje Jumatano?

Ngoja nikueleze kwa nini siwezi kufumba macho. Baada ya klabu kufa, uwanja uligeuka malisho ya farasi miaka kumi na mitatu. Mwaka 2009 walimu na wafanyakazi wa kiwanda waliifufua, na Baba ndiye aliyewakusanya. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na lile goti. Sasa tuko ligi ya kwanza na mwaka huu tunanusa ligi kuu. Tarehe 26 Mei, kwenye sherehe ya miaka sitini, jukwaa jipya litapewa jina lake. Herufi zimeshatengenezwa, nimeziona, ni za shaba. Kitabu changu kitagawiwa siku hiyo. Na ndani yake kuna ukurasa ambao sijui niandike nini.

Kama niliyoanza kuyafikiri si kweli, niambie si kweli. Nitakuamini, nitaufunga mjadala.

Mwanao,
Nazigul

*

Detmold, 20 Aprili 2018

Nazigul, mwanangu,

Lilia, mke wangu, alisoma barua yako akasema, "Huyu mtoto umjibu kama mtu mzima." Basi nakujibu.

Mama yangu, Emilia, alikuwa na moyo mbovu. Daktari wa Mystobe, mtu mwaminifu, alimwambia Lilia kwamba dawa anazohitaji hana, na hajui atazipata lini. Visa zetu zilikuwa zinakwisha Jumapili tarehe 23. Ndege ilikuwa Ijumaa kutoka Almaty, na iliyofuata ilikuwa baada ya wiki tatu. Visa mpya tungengoja mwaka au zaidi. Mama hakuwa na mwaka.

Jumanne nilikwenda kwenu. Wewe ulikuwa umelala kwenye kochi na soksi moja. Bibigul, mama yako, alinimiminia chai. Nilimwambia Kairolla kwamba nimekuja kuomba ushauri, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekuja kukatazwa. Nilitaka aseme siwezi kwenda. Nilitaka mtu mwingine aamue. Aliuzungusha mfuniko wa birika mara kadhaa. Kisha akasema, "Nenda, Volodya. Mpeleke mama. Kocha na wachezaji nitawaambia mimi, na mashabiki nitawaambia mimi kabla ya mechi. Nitasema nimekupa ruhusa kama nahodha."

Nikamwuliza nani atakaa golini. Akasema, "Miaka kumi na mitano nakutazama ukifanya makosa, nadhani nimejifunza." Tulicheka mpaka ukaamka. Kesho yake alfajiri tukapanda treni.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kwa nini hakuwaambia, sijui. Dada yangu Erna alibaki Mystobe mwaka mmoja zaidi. Aliniandikia kwamba kwenye geti lake wamepaka rangi nyeupe neno MSALITI, na kwamba dukani watu wanampisha kana kwamba ana ugonjwa. Ndipo nilipojua kwamba Kairolla hakusema.

Utauliza kwa nini na mimi nilinyamaza. Mwanzo nilifikiri atasema kesho, atasema mwezi ujao. Baadaye Erna naye akaja huku, na nikaona hakuna haja tena. Mimi niko mbali, kelele za Mystobe hazinifikii. Yeye anaishi hapo, ananunua mkate hapo. Ningefungua mdomo, mmoja wetu angekuwa mwongo mbele ya mji mzima, na huyo si mimi.

Sasa nisikilize. Usiandike hili. Baba yako alisimama golini na goti lililovimba kama tikiti, mbele ya watu elfu nane. Klabu ilipokufa aliifufua kwa miguu yake. Waache waweke hizo herufi. Mimi sina kinyongo, nimekwisha kusahau. Mtu akifika umri wangu anataka kulala, basi.

Ukurasa wako uandike hivi: Kessler aliondoka. Inatosha.

Ami yako,
Volodya

*

Mystobe, 8 Mei 2018

Volodya,

Ni mimi, Kairolla. Mwandiko wangu bado mbaya.

Nazigul aliiweka barua yako mezani mbele yangu, akachukua koti, akaenda kwake. Nimemlea miaka thelathini na sijawahi kumwogopa kama siku hiyo.

Nitakuambia ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Jumatano niliwaambia kocha na wachezaji kwamba umesafiri. Wakauliza unarudi lini. Nikasema sijui, wakakusubiri mpaka Jumamosi. Nilipaswa kusema nimekuruhusu. Niliona nyuso zao, nikajiambia nitasema kesho. Kesho nikajiambia nitasema Jumamosi kwenye kipaza sauti. Jumamosi kipaza sauti kilikuwa kibovu. Nilifurahi, Volodya. Nilifurahi kwamba ni kibovu.

Dakika ya themanini na nane tulikuwa mbili mbili. Tulikuwa tumebaki ligi kuu. Ikapigwa kona. Nilitoka kuidaka, goti likakataa, nikasimama katikati kama kigingi. Mpira ukapita juu yangu. Unajua kelele za uwanja zinavyokatika.

Baada ya mechi walinizunguka mlangoni. Galymbek, yule wa ngoma, alinishika kola akauliza, "Kessler yuko wapi?" Alikuwa analia. Nilikuwa na jibu. Maneno matano au sita tu. Nikasema, "Muulizeni mwenyewe." Wakaniachia. Wengine wakanibeba mabegani. Mtu aliyefungisha timu alibebwa mabegani, kwa sababu nilikuwa nimewapa mtu mwingine wa kumchukia.

Tangu hapo kila nilichoifanyia klabu hii nimekifanya nikikimbia neno hilo. Watu wanasema Kairolla haichoki klabu. Wangejua.

Geti la Erna niliona linavyopakwa. Nilikuwa ng'ambo ya barabara na mkate mkononi. Bibigul alikuwepo ile Jumanne, alisikia yote. Hajawahi kunisema hata mara moja. Lakini tangu mwaka 1994 hajakanyaga uwanjani. Watu wanadhani hapendi mpira.

Tarehe 26 wananipa kipaza sauti. Safari hii kinafanya kazi, nimekwenda kukijaribu mwenyewe. Nitasema. Nazigul hajaniomba na wewe umekataza, ila nitasema.

Sikuombi kitu. Ukitaka kujibu, jibu. Usipotaka, nimeelewa.

Kairolla Abishev

*

Mystobe, 1 Juni 2018

Ami Volodya,

Bado hujamjibu Baba, nami sijui kama kimya chako ni hasira, ugonjwa au posta. Baba anakwenda posta kila asubuhi akisingizia mkate. Tuna mikate ya kulisha kikosi kizima. Nakuandikia kwa sababu ni haki yako kujua yaliyotokea, hata kama hutaki.

Siku ile ilikuwa ya jua na upepo. Watu walijaa kuliko nilivyowahi kuona. Naibu meya alihutubia, mkurugenzi wa klabu akahutubia, kisha wakamwita Baba aje avute kitambaa kinachofunika herufi. Alipanda akiwa amevaa suti aliyonioza nayo. Alichukua kipaza sauti na hakugusa kitambaa. Nayaandika aliyoyasema kama nilivyoyasikia, maana niliyaandika palepale nyuma ya ratiba:

"Volodya Kessler alikuja nyumbani kwangu siku nne kabla ya mechi. Mama yake alikuwa anakufa. Mimi nahodha ndiye niliyemwambia aende. Niliahidi kuwaambia ninyi, sikuwaambia. Mliponiuliza, nilimsingizia. Hakuwakimbia. Mimi ndiye niliyewakimbia, na nimekuwa nikiishi hapahapa. Jina hili liondoeni."

Nilifikiri watapiga kelele. Kitambaa kilikuwa kinapigapiga na upepo na hakuna aliyejua cha kufanya nacho. Halafu mtu akapiga mluzi, na wa pili, na upande mzima ukaanza kumzomea. Galymbek akachukua ngoma yake, akashuka ngazi moja moja, akatoka nje ya uwanja. Baba alisimama hapo mpaka walipochoka. Aliposhuka, mama yangu alikuwa chini ya ngazi. Sikujua hata kwamba amekuja. Alimshika mkono, wakaenda nyumbani kwa miguu kupitia katikati ya watu.

Mkurugenzi alikasirika kuliko wote, kwa sababu ya wageni wake. Jumanne kulikuwa na mkutano wa wanachama, na walibishana saa tatu. Wako waliosema mtu amefanya mema mengi, herufi zibaki. Wako waliotaka afukuzwe uanachama. Mwisho mama mmoja anayeuza tiketi alisimama akasema tangu azaliwe upande ule unaitwa Upande wa Tanuru, na haoni kwa nini watu wazima wakeshe kwa jambo hilo. Wakapiga kura. Utabaki Upande wa Tanuru. Uanachama wake pia umebaki, kwa kura nne.

Majirani wawili hawatusalimii. Lakini Alhamisi Galymbek aligonga mlango. Hakuvua kofia wala hakutaka chai. Alisema rangi kwenye geti la dada yako aliipaka yeye, na akauliza kama dada yupo hai na kama anaweza kumwandikia. Baba akamwambia hana ruhusa ya kutoa anwani. Basi nakuuliza wewe: atoe?

Kitabu nilikizuia kisigawiwe. Nimeandika upya ukurasa ule, na sasa ni kurasa kumi na moja. Sitachapa bila ya kukusomea kwanza.

Baba amepungua mwili, lakini anacheka tena akiwa na wajukuu. Mama ameuliza ratiba ya mechi.

Mwanao,
Nazigul

*

Detmold, 18 Juni 2018

Kairolla,

Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha niliiweka juu ya friji. Ilikaa hapo siku kumi na nne. Lilia alikuwa akiifuta vumbi na kuirudisha. Kisha ikaja ya binti yako, nikaisoma ya kwake kwanza, halafu yako.

Nilimwandikia kwamba sina kinyongo. Nilimdanganya mtoto. Nina hasira nawe, Kairolla, na sikujua ni kubwa kiasi gani mpaka nilipofika kwenye ule mkate mkononi mwako. Mama tulimzika huku Machi 1995. Aliishi miezi mitano, miezi mizuri, alikuwa akikaa dirishani kutazama watu na mbwa wao. Mazishini tulikuwa sita. Mbali na Erna, hakuna mtu hata mmoja wa Mystobe aliyetuma neno, mji aliokaa miaka hamsini na mitatu, na nilijua kwa nini. Nilikuwa nikiyaeleza hayo usiku kwa kisogo chako. Sasa nimekueleza wewe.

Hayo nimeyasema. La pili. Ulisimama mbele yao ukiwa na kipaza sauti kizima na ukasema wakati hakuna aliyekulazimisha. Ningekuwa mimi, sijui. Miaka ishirini na minne mimi nilijisifu kwa kunyamaza, na nadhani sehemu yake ilikuwa raha ya kuwa na haki bila mtu kujua. Si jambo zuri sana nalo.

Anwani ya Erna mpe Galymbek. Erna anasema aandike kwa herufi kubwa, macho yake hayaoni vizuri, na ajiandae kujibiwa.

Nakuja Septemba. Sijui nitakuambia nini. Usilete kundi la watu kituoni.

Volodya

*

Mystobe, 25 Septemba 2018

Lilia mpenzi,

Nimefika salama na kidonge cha presha nakunywa, usiulize kwa simu kila asubuhi mbele za watu.

Kituoni alikuwa peke yake, amevaa tai. Nilijiandalia maneno tangu Almaty, unanijua, na yote yakaniishia. Alinitazama akasema, "Umenenepa." Nikamwambia yeye amekuwa mfupi. Alichukua sanduku langu, nikamnyang'anya, akalichukua tena, tukalishika huku na huku kama wazee wehu, tukaanza kutembea. Tulipofika kwenye duka la dawa ndipo aliposema, "Nilikosea, Volodya." Nikasema, "Najua." Hatukusimama, kwa sababu goti lake likisimama linagoma kuondoka.

Bibigul alitupikia nyama na tambi pana za unga kama zamani, akanipa kile kipande kinachotengewa mgeni wa heshima, na akalia kidogo akiwa amegeukia jiko. Siku ya pili mimi na Kairolla tuligombana. Tuligombana vibaya, kuhusu goli la mwaka 1987, lile la kujifunga. Yeye anasema sikuita mpira. Niliita, Lilia, uwanja mzima ulisikia. Alipiga meza, mimi nikapiga meza, Bibigul akatoka na chai yake akaenda kukaa kwa jirani. Baada ya saa nzima nikagundua kwamba ile hasira niliyokuja nayo siioni. Labda bado ipo. Siku hiyo sikuiona.

Nazigul amenisomea kurasa zake zote kumi na moja. Nimebadilisha neno moja: alikuwa ameandika mama alikuwa "dhaifu". Mama hakuwa dhaifu, alikuwa mgonjwa.

Jumamosi tulikwenda uwanjani. Nilikaa Upande wa Tanuru kati ya Kairolla na Galymbek, ambaye hakuniangalia usoni mpaka mapumziko, kisha akanipa mbegu za alizeti, nikazila zote. Watu wengine walikuja kunishika mkono. Mmoja aliniambia wazi kwamba bado anadhani ningeweza kungoja Jumamosi ipite. Nilimwambia hata mimi huwaza hivyo baadhi ya siku. Tukapeana mikono.

Kenshi walitoka sare moja kwa moja. Zimebaki mechi tano, na mbili wakishinda wanapanda. Tatizo ni golini. Yule kijana ana mikono mizuri, bora kuliko yangu, ila krosi ikija anaganda kwenye mstari. Jumapili kocha alikuja kwa Kairolla kuniomba nimtazame mazoezini. Jumatatu nilimtazama. Leo nimevaa glavu mwenyewe kumwonyesha, na kesho sitaweza kuinua mkono, lakini mara mbili alitoka na kuudaka juu kabisa, akashangaa mwenyewe.

Tiketi ya Ijumaa nimeibadilisha, narudi baada ya mechi ya mwisho, tarehe 27 Oktoba. Usikasirike. Anaogopa kona, Lilia. Siwezi kumwacha hivi.

Wako,
Waldemar